Kupanga Safari Yako ya Kwanza ya Kuwinda Kware Georgia

Swali la kwanza la kumwuliza mwenye shamba la uwindaji, kabla hata hujauliza bei, ni kama kware wake ni wa porini au wametoka bandani wakaachiliwa. Jibu lake ndilo litakaloamua utalipa kiasi gani, utatembea umbali gani, utafyatua risasi ngapi na, kwa anayekwenda mara ya kwanza, kama atarudi nyumbani akiwa na hamu ya kwenda tena. Nimeishi Georgia miaka ya kutosha kuona jamaa zetu wa Mombasa, Arusha na Bukavu wakialikwa na wafanyakazi wenzao kwenda kuwinda kware kusini mwa jimbo, na karibu wote hujiandaa kwa kununua viatu na kutazama video za bunduki. Kumbe mambo yanayoharibu safari hii huwa yameshaharibika wiki kadhaa nyuma, katika simu ambayo hawakuipiga au leseni ambayo hawakuikata.

Ndege mwenyewe

Jina linaweza kukupotosha. Kware ambaye mayai yake huuzwa masokoni Dar es Salaam na Nairobi ni wa Kijapani, ndege wa kufugwa, yule yule aliyewatia wafugaji wengi wa Kenya hasara mwaka 2014 bei ya mayai ilipoporomoka. Aluru wa Wajaluo, anayeitwa isindu na Waluhya, yule anayenaswa kwa vitundu vinavyotundikwa kwenye mti mrefu, ni wa porini lakini ni wa ukoo huo huo. Mswahili wa pwani naye akitamka kware mara nyingi humaanisha ndege mkubwa zaidi wa vichakani, na yule mdogo humwita tombo. Kware wa Georgia ni wa ukoo mwingine, ule wa kware wa Amerika. Wenyeji humwita bobwhite kwa sababu dume hupiga mluzi wa “bob-wait” majira ya kuchipua, na ukimshika mkononi utashangaa kwamba kelele yote ile ilitoka kwa kiumbe kisichofika robo kilo.

Majira ya baridi kware hao hukaa makundi ya ndege kumi hadi kumi na watano. Usiku hulala chini, duara moja, mikia ndani na vichwa nje, ili wakishtushwa kila mmoja aruke mbele yake bila kumgonga mwenziwe. Hata mchana tabia haibadiliki sana: hujibana majanini mpaka unakaribia kuwakanyaga, kisha hulipuka wote kwa pamoja, kila mmoja na njia yake. Uwindaji mzima umejengwa juu ya tabia hiyo, na ndiyo sababu unahitaji mbwa, mwongozaji na utulivu kuliko unavyohitaji shabaha.

Mahali na asili yake

Maeneo mawili yanajulikana zaidi. Moja ni vilima vyekundu vilivyo kati ya mji wa Thomasville na Tallahassee, ng'ambo ya mpaka wa Florida. La pili ni mashamba yanayouzunguka mji wa Albany, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Atlanta. Mengi yalikuwa mashamba ya pamba yaliyolimwa na watumwa, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe matajiri wa kaskazini waliyanunua wakayafanya makazi ya majira ya baridi na viwanja vya kuwindia. Mtu mweusi anayepanda gari la kukokotwa na nyumbu katika ardhi ile hawezi kujifanya hayajui hayo, wala sioni kwa nini ajifanye. Mwongozaji wangu wa kwanza, mzee ambaye baba yake na babu yake walifundisha mbwa kwenye ardhi hiyo hiyo, alinieleza mambo mengi kwa saa tatu kuliko niliyoyasoma kwa miaka.

Kinachofanya ardhi hiyo ifae ni moto. Mtafiti Herbert Stoddard alianza kuwachunguza kware wa eneo hilo mwaka 1924, akachapisha matokeo mwaka 1931, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba misonobari ya pale isipochomwa mara kwa mara huzibwa na vichaka, kware akakosa mbegu za kula na nafasi ya kutembea. Tangu mwaka 1958 kituo cha utafiti cha Tall Timbers, kilichopo karibu na Tallahassee, kimeendeleza kazi hiyo. Kwa hiyo utakuta msitu wa misonobari mirefu iliyoachana, chini yake majani ya kimo cha goti, na hapa na pale weusi wa mahali palipochomwa mwaka uliopita. Gharama ya kuitunza ardhi namna hiyo ni kubwa, na ukizingatia kwamba bobwhite wamepungua Marekani kwa zaidi ya robo tatu tangu miaka ya 1960, utaelewa kwa nini siku moja ya kuwinda kware wa porini kabisa inaweza kugharimu mara kadhaa ya siku ya kuwinda wale wa kuachiliwa.

Wa porini au wa kuachiliwa

Kwa jumla utakutana na aina tatu za uwindaji. Wako kware wa porini, waliozaliwa na kukulia pale pale, wajanja, wenye mbio, ambao huenda ukatembea nusu saa bila kuwaona. Wako waliofugwa kisha wakaachiliwa mwanzoni mwa vuli, wakakaa porini miezi kadhaa mpaka wakaunda makundi na kujifunza kuogopa. Na wako wanaotolewa bandani asubuhi ya siku hiyo na kuwekwa vichakani saa moja kabla hujafika. Hao wa mwisho wakiwa hawajatunzwa vizuri huruka kama kuku, hutua baada ya hatua ishirini, na mara nyingine hukataa kuruka kabisa, mbwa akawashika kwa mdomo.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni aina ya pili. Utapata nafasi za kutosha za kufyatua, na nafasi ndizo zinazofundisha, lakini ndege wataruka kwa nguvu na mbwa watafanya kazi ya kweli. Ukienda kwa kware wa porini mara ya kwanza utalipa fedha nyingi ili ukose makundi manne, na hutajua kama ulikosa kwa sababu ya bunduki, miguu au woga. Aina ya tatu haina ubaya kwa kijana wa miaka kumi na mitano au mtu mzima asiyeweza kutembea sana, mradi shamba liseme ukweli kwamba ndivyo lilivyo. Mwenye shamba anayezungukazunguka anapoulizwa swali hili, mwache.

Tarehe

Msimu wa kware wa porini Georgia huanza katikati ya Novemba na kuisha mwishoni mwa Februari, na mwindaji mmoja haruhusiwi kuchukua zaidi ya ndege 12 kwa siku. Mashamba yenye leseni ya kuachilia ndege yana msimu mrefu zaidi, tangu tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi. Urefu huo usikuvutie sana. Oktoba bado kuna joto, majani hayajalala, mbwa huchoka upesi na nyoka mwenye njuga mkiani bado anatembea. Machi ndege waliobaki wameshafukuzwa msimu mzima. Mimi huchagua Januari, au wiki za kwanza za Februari, wakati baridi imeshalaza nyasi na harufu inakaa chini ambapo mbwa anaweza kuinasa. Weka nafasi miezi mitatu au minne kabla, kwani Jumamosi za Januari huisha mapema, na ukiweza chukua siku ya katikati ya wiki.

Leseni, na hatari kwa wenye viza

Sehemu hii uisome mara mbili ikiwa huna uraia wa Marekani.

Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia Marekani kwa viza isiyo ya uhamiaji, yaani mwanafunzi, mtalii, mfanyakazi wa muda na wengine wa namna hiyo, kumiliki au hata kushika bunduki na risasi. Miongoni mwa vighairi vya katazo hilo ni kuwa na leseni ya uwindaji halali, ambayo haijaisha muda, iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa Kitanzania anayesoma Atlanta lazima awe na leseni hiyo kabla hajagusa bunduki, wala si asubuhi ya kuwinda tu bali hata siku ya mazoezi, kwa kuwa sheria haitofautishi kiwanja cha shabaha na pori. Ukikata leseni ya siku chache kwa ajili ya wikendi ya uwindaji, haitakufaa kwa mazoezi ya mwezi uliotangulia. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hayumo katika katazo hili. Asiye na hadhi yoyote ya kisheria asishike bunduki kabisa, hata kwa kupigwa picha, na rafiki yake Mmarekani asimshawishi kwamba ni jambo dogo, kwa maana hilo ni kosa la jinai la shirikisho na linaweza kumfukuzisha mtu nchini. Ukiwa na shaka yoyote kuhusu hadhi yako, mwone wakili wa uhamiaji kabla ya kulipa amana.

Leseni yenyewe hutolewa na Idara ya Maliasili ya Georgia na inapatikana mtandaoni. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1961 au baada yake anatakiwa kumaliza kozi ya usalama wa wawindaji ndipo auziwe leseni ya msimu mzima. Leseni ya siku chache haina sharti hilo. Watu wengi hutumia mlango huo wa siku chache kuikwepa kozi, na kisheria hawana kosa, lakini mimi nakusihi uifanye. Ni masomo ya saa chache, na mtu ambaye hajawahi kubeba bunduki katikati ya watu wengine hana njia bora ya kujifunza namna ya kuvuka uzio, kupokezana silaha au kuielekeza pembeni anapozungumza.

Simu kabla ya amana

Safari yangu ya kwanza niliambiwa kwenye simu kwamba “kila kitu kimo.” Jioni nikaletewa ankara yenye kodi ya bunduki, maboksi matatu ya risasi, malipo ya kila ndege aliyezidi idadi ya kifurushi na ada ya kuwasafisha, ikawa karibu mara moja na nusu ya bei niliyoizoea kichwani. Sikudanganywa, sikuuliza. Tangu hapo huuliza kimoja kimoja na kuomba jibu kwa barua pepe: bei ni ya nusu siku au siku nzima, inahusu ndege wangapi, akizidi mmoja ni kiasi gani, bunduki na risasi ni za nani, chakula na malazi vimo au havimo, mvua ikinyesha kutwa tunarudishiwa nini, na ndege watasafishwa na kufungashwa au nitapewa na manyoya yao. Nusu siku ya kware wa kuachiliwa huenda kwa mamia kadhaa ya dola kwa mtu mmoja, kwa hiyo swali la dola hamsini si uchoyo.

Kisha uliza kuhusu watu. Wawindaji wangapi watakuwa kwenye kundi letu, na je, tunaweza kuchanganywa na wageni tusiowafahamu? Wawili ndiyo idadi nzuri, watatu hupokezana zamu huku mmoja akipumzika nyuma, na shamba linalotaka kuwapanga wanne kwenye mstari mmoja mbele ya kundi la kware halikutakii mema. Mweleze mwongozaji waziwazi kwamba hujawahi kuwinda. Wanaume wetu wengi huona aibu kulisema hilo na kuanza kusimulia bunduki ya babu kijijini. Mwongozaji anayaona yote pale unapoishika silaha, tofauti ni kwamba atakuwa amekosa nafasi ya kukupangia mbwa mtulivu na eneo jepesi.

Uliza pia kuhusu mbwa. Mashamba mengi hutumia pointa na seta, mbwa warefu wanaotafuta harufu kwa mbali na kusimama, pamoja na mbwa mmoja mdogo wa kuwarusha ndege na kuwaokota. Mbwa wako wa nyumbani mwache nyumbani.

Bunduki na mazoezi

Usinunue bunduki kwa ajili ya safari ya kwanza. Azima ya shamba, uwaeleze urefu wako na mkono unaotumia. Kinachohitajika ni bunduki ya marisau, yaani ya vipira vidogo vingi vinavyotoka kwa pamoja, ya geji 20 au 28 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikiwa ndogo mtutu ni mpana zaidi), yenye mitutu miwili na inayokunjwa katikati. Mashamba mengi hayaruhusu aina nyingine, kwa sababu ikiwa imekunjwa kila mtu anaona kwa jicho, hata kutoka mbali, kwamba haiwezi kulia. Marisau ya namba 8 au 7½ yanatosha, na mtutu uwe wa mdomo mpana usiobana marisau, maana ndege wengi hupigwa ndani ya mita ishirini na tano. Geji 12 itakuumiza bega na kumharibu ndege.

Kabla ya mazoezi pima jicho lako. Nyoosha mikono mbele, unganisha viganja uache tundu dogo, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili, kisha funga jicho moja moja. Jicho ambalo likiwa wazi kile kitu kinabaki mahali pake ndilo jicho tawala. Mtu wa mkono wa kulia ambaye jicho lake tawala ni la kushoto hukosa siku nzima asijue sababu, na mwalimu wa kiwanja cha shabaha anaweza kumsaidia kwa dakika tano kwa kubandika kipande cha utepe kwenye miwani.

Nenda kwenye kiwanja cha sahani za udongo angalau mara mbili, tatu ikiwezekana. Mwombe mwalimu akurushie sahani zinazokwenda mbele zikikuacha, chini kiasi, na uanze bunduki ikiwa chini ya kwapa, si begani, kwa sababu kware hatakungojea ujipange. Zoezi ni kuinua bunduki iguse shavu na bega kwa wakati mmoja, macho yote wazi yakiwa kwenye sahani, wala si kwenye mtutu. Kitufe cha usalama kisukumwe wakati bunduki inapanda. Kabla ya hapo kidole kikae nje ya kifyatulio. Rudia hilo nyumbani, bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa mara mbili, mpaka liwe mazoea ya mkono.

Mavazi hayana siri kubwa: kizibao na kofia ya rangi kali ya machungwa, miwani ya kinga, viziba masikio, suruali nzito isiyopitisha miiba na viatu ambavyo umeshavivaa mwezi mzima. Asubuhi kunaweza kuwa na barafu kwenye nyasi na saa sita ukatoa koti, kwa hiyo vaa nguo kwa tabaka. Jioni jikague kupe.

Pale mbwa anaposimama

Mtatembea, au mtapanda gari, nyuma ya mbwa wawili wanaokata pori kwenda kushoto na kulia. Ghafla mmoja atageuza kichwa katikati ya mbio kana kwamba ameitwa jina, ataganda, mkia juu, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa. Yule wa pili, ambaye hajanusa chochote, akimwona mwenziwe naye atasimama pale pale alipo, nyuma yake, kwa heshima. Ukimya huo ndio uliolipia. Ukiwa na haraka ya kupiga hutauona.

Mwongozaji ataashiria mkono. Mtashuka, mtapakia risasi mbili mbili, mtafunga bunduki midomo ikielekea juu, na mtasogea mmoja kila upande, sambamba naye, bila kumtangulia. Wa kushoto anamiliki ndege wanaokwenda kushoto, wa kulia wanaokwenda kulia, na ndege anayerudi nyuma juu ya vichwa vyenu si wa mtu yeyote. Tembea kwa hatua za kawaida. Usimtazame mbwa wala usiangalie chini kuwatafuta kware. Tazama mbele, usawa wa vichwa vya nyasi. Mwongozaji au mbwa mdogo ataingia kichakani, na hapo ndege kumi na wawili wataondoka kwa mvumo utakaokufanya usahau kila ulichofundishwa.

Kundi langu la kwanza sikufyatua hata risasi moja. Mzee alicheka, akasema afadhali hivyo kuliko yule wa wiki iliyopita aliyefyatua zote mbili kwenye mti. Dawa aliyonipa ni ya maneno matatu, nami huyatumia mpaka leo: chagua ndege mmoja. Anayepiga kundi hapigi kitu, kwa sababu katikati ya ndege kumi na wawili sehemu kubwa ni hewa. Mtafute mmoja, mwone kichwa, msubiri afike juu kiasi cha kuona mbingu chini yake, kisha piga. Asipofika huko, mwache aende.

Kanuni hiyo ya mbingu haina msamaha. Ndege wa chini maana yake mbwa yuko nyuma yake, au mtu. Tarehe 11 Februari 2006, kusini mwa Texas, Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, aligeuka kumfuata kware mmoja jua likiwa limeinama na kumpiga mwenziwe, wakili Harry Whittington mwenye miaka 78, usoni, shingoni na kifuani. Whittington alikuwa amebaki nyuma kutafuta ndege aliyemwangusha, kisha akaja kuwafuata wenziwe. Alipona, ingawa risasi moja ndogo ilimgusa moyo. Katika tukio hilo kuna mafunzo mawili ya kushika: anayetoka kwenye mstari atoe sauti mpaka kila mtu amjibu, na mwenye bunduki asiizungushe kamwe kupita bega la mwenziwe, hata ndege awe wa mwisho wa siku. Ukiona mtu wa kundi lenu anavunja kanuni hizo, kunja bunduki yako umwambie mwongozaji. Ni kazi yake kumsimamisha, na mwongozaji mzuri hatasita kwa sababu ya fedha.

Baada ya kundi kuruka, waliobaki hutua mmoja mmoja mbele. Mashamba yanayojali hayamalizi kundi zima. Huchukua wachache na kuhamia kwingine. Ukiambiwa “hawa tuwaache,” usibishane.

Kwa wanaokula halali

Mwislamu amwambie mwongozaji jambo hili mapema, kwenye simu, si porini. Desturi ya waongozaji ni kumnyonga shingo kware anayeokotwa hai, na wanafanya hivyo kwa sekunde moja kwa nia ya kumpunguzia maumivu. Omba kila ndege aliye hai aletwe kwako, uwe na kisu kidogo kikali mfukoni, na umchinje mwenyewe. Kuhusu ndege anayefika akiwa amekufa kwa marisau baada ya kutajiwa jina la Mungu wakati wa kufyatua, muulize sheikh unayemwamini kabla ya safari, ili usisimame katikati ya nyasi ukiwa na ndege mkononi na swali kichwani. Mimi nilipoomba, mzee aliafiki bila shida, na kuanzia hapo akawa akiniletea ndege mbio mbio kama mtoto aliyetumwa dukani.

Malipo ya mwisho na nyama

Bahshishi haimo kwenye ankara, na huku ni sehemu ya mapato ya mwongozaji. Wengi hutoa asilimia 15 hadi 20 ya bei ya uwindaji, taslimu, mkononi mwake mwenyewe, kisha kiasi kidogo kwa anayesafisha ndege na anayepika. Toa fedha benki kabla, kwa kuwa mashine ya kutolea pesa iko mjini na mji uko mbali.

Beba kisanduku cha barafu. Omba ndege waachwe na ngozi, kwani kware hana mafuta na bila ngozi hukauka haraka jikoni, na omba risiti inayoonyesha idadi yao, usije ukasimamishwa njiani huna maelezo. Usifikirie kuwasafirisha wabichi kwenda nyumbani Afrika Mashariki. Forodha hazitakuelewa, na kware mmoja ni tonge mbili.

Nyumbani loweka ndege usiku mmoja kwenye maji ya chumvi, asubuhi papasa kila kifua kwa ncha ya kidole ukitafuta vitundu vidogo vyeusi, na kila tundu utoe risasi ndogo iliyomo kwa ncha ya kisu pamoja na manyoya iliyoyaingiza ndani. Kisha mkaange kidogo kwa tangawizi na kitunguu saumu, umalizie kwa tui zito la nazi kwa dakika kumi na tano, si zaidi. Hata ukikagua vipi, risasi moja itakuponyoka, kwa hiyo kabla ya kunawa waambie wageni watafune polepole, na uweke kisahani kitupu katikati ya meza.